Umri wa Wimbo

Wazee wetu walisema kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Ni methali ambayo kila mwanafunzi huikariri na kila mwalimu huisahihisha kwa wino mwekundu inapoandikwa vibaya, lakini sijapata kumwona mtu akiichukua kwenda nayo sokoni ili aijaribu. Mimi niliiamini kwa miaka mingi, na katika jambo la muziki niliiamini kuliko katika jambo lingine lolote. Nilidhani kwamba wakati ni kadhi mwadilifu. Kwamba nyimbo njema huziweka na nyimbo dhaifu huzitupa. Na kama kundi la wanamuziki limesahauliwa, basi hapana shaka lilistahili kusahauliwa. Nataka kukuonyesha, msomaji, jinsi nilivyokosea, na kwa nini kosa hilo si dogo kwa mtu anayetaka kuhukumu kazi za sanaa.

Kosa langu lilianza nyumbani kwa ami yangu. Katika miaka ya 1960 yeye alikuwa karani kijana mjini Nairobi, na sehemu ya mshahara wake, ambayo babu alidhani kuwa inawekwa akiba, aliitumia kununua santuri zilizotoka Uingereza. Alizitunza santuri hizo kama mwingine atunzavyo hati za shamba: kila moja katika mfuko wake, zimesimama wima ndani ya sanduku, mbali na jua na mbali na mikono ya watoto. Miongoni mwake ilikuwamo santuri ndogo ya kundi la vijana watano walioitwa the Dave Clark Five. Ami alipenda kuipiga jioni ya Jumamosi, na kila alipoipiga alituambia kwamba siku zile kundi hilo na the Beatles walikuwa kama ndugu wawili wanaogombea mkeka mmoja.

Wakati huo mimi nilikuwa mwanafunzi wa shule ya upili. Niliyajua majina ya the Beatles wote wanne kama nilivyoyajua majina ya ndugu zangu, lakini hao wengine sikupata kuwasikia popote isipokuwa katika nyumba ile. Nikacheka, nikasema, "Ami, kama walikuwa sawa, mbona hapana awajuaye?" Akaiondoa sindano juu ya santuri polepole, akanitazama, akasema, "Mwanangu, kutojulikana si kutokuwako." Jibu lile nililiona kuwa ni la mzee anayeutetea ujana wake. Alifariki dunia kabla sijagundua kwamba alisema kweli.

Alisema kweli tupu. Kundi lile lilitoka Tottenham, upande wa kaskazini wa London, na kiongozi wake, Dave Clark, alikuwa mpiga ngoma, jambo ambalo ni nadra, kwa maana wapiga ngoma aghalabu hukaa nyuma. Mwezi wa Januari 1964 wimbo wao "Glad All Over" uliuondoa wimbo wa the Beatles "I Want to Hold Your Hand" katika nafasi ya kwanza ya nyimbo zilizouzwa zaidi Uingereza. Mwezi wa Februari the Beatles walitazamwa na watu wapatao milioni 73 katika kipindi cha televisheni cha Ed Sullivan kule Marekani. Mwezi wa Machi the Dave Clark Five nao walisimama katika jukwaa lile lile, wakapendwa, wakaitwa tena na tena katika miaka iliyofuata. Mwaka 1965 walicheza katika filamu, na mwisho wa mwaka huo wimbo wao "Over and Over" ulishika nafasi ya kwanza Marekani. Kundi lao lilivunjika mwaka 1970. The Beatles pia walivunjika mwaka 1970. Haya basi, tunayo makundi mawili ya nchi moja, ya miaka ile ile, yaliyotafutwa na vijana wale wale na kuvunjika katika mwaka mmoja. Leo jina la mmoja analijua mtoto wa darasa la sita aliyezaliwa Kisii au Kilifi. Jina la mwingine sharti lielezwe.

Labda umekwisha kuninyoshea kidole, msomaji, ukisema kwamba the Beatles walikuwa bora, na kwamba huo ndio mwisho wa maneno. Walikuwa bora, nami sibishani na hilo. Tangu santuri yao ya kwanza mwezi wa Oktoba 1962 hata kuvunjika kwao haikupita miaka minane kamili, na katika muda huo mfupi walitembea safari ambayo makundi mengine hayawezi kuimaliza katika miaka arobaini. Wimbo wa "Yesterday" wa mwaka 1965 haufanani hata kidogo na nyimbo zao za miaka miwili iliyotangulia. Lakini ubora hupimwa kwa kiasi. Kama mtu mmoja ana urefu wa futi sita na mwenzake futi tano na nusu, hatusemi kwamba wa pili haonekani. Tofauti ya ubora kati ya makundi haya mawili haitoshi kuieleza tofauti ya kumbukumbu. Pana jambo lingine lililoingia kati.

Wengine hujibu kwamba kundi hudumu likijitungia nyimbo zake. Jibu hili lina chembe ya ukweli, ila halifai kwa kesi yetu, maana "Glad All Over" uliandikwa na Dave Clark mwenyewe pamoja na mwimbaji wake Mike Smith. Wengine husema kwamba kifo cha mapema ndicho kinacholipa kundi utukufu. Hao wawatazame the Rolling Stones, walioanza mwaka 1962 na ambao walitoa albamu mpya mwaka 2023, wakiwa wazee wenye wajukuu. Na wako wanaosema kwamba wajuzi wa biashara hutambua mapema nani atadumu. Wajuzi! Mwezi wa Januari 1962 the Beatles walikwenda kujaribiwa na kampuni ya santuri ya Decca mjini London. Kampuni ikawakataa, ikawachagua Brian Poole and the Tremeloes. Hao waliochaguliwa hawakuwa wabaya, na mwaka 1963 walipata wimbo ulioshika nafasi ya kwanza Uingereza. Lakini sidhani kwamba yupo hata mmoja kati ya wasomaji wa kitabu hiki anayeweza kuutaja.

Nilipokwisha kuwa mwalimu ndipo nilipojua lililowapata vijana wa Tottenham, na nilipolijua nilimkumbuka ami nikaona haya. Siku zile ilikuwa desturi kwamba kampuni ya santuri ndiyo inayomiliki sauti zilizorekodiwa. Mwanamuziki alipewa malipo kidogo na kwenda zake. Dave Clark hakukubali. Alipokuwa bado kijana alifanya mapatano ambayo yalimwachia yeye mwenyewe umiliki wa kazi yake. Lilikuwa jambo la akili na la kujiheshimu, na wanamuziki wengi walioibiwa jasho lao wangalimwonea wivu. Lakini mwenye ufunguo hufungua na hufunga. Baada ya mkusanyo mmoja uliotolewa mwaka 1978, mlango ulifungwa. Wakati dunia ilipokuwa ikihama kutoka santuri kwenda CD katika miaka ya 1980, na kila kundi la zamani likibebwa pamoja na mizigo ya wahamaji, nyimbo za the Dave Clark Five hazikuwamo safarini. Hazikutolewa kwa CD mpaka ulipofika mwaka 1993.

Fikiri maana ya jambo hilo. Mtu hupenda muziki wa zamani si kwa sababu aliuzaliwa nao, bali kwa sababu aliukuta sebuleni. Kijana aliyezaliwa mwaka 1970 aliwakuta the Beatles katika kanda za kaka yake, katika redio, katika filamu, katika duka la mjini. Aliwapenda, akawaacha sebuleni kwake ili mwanawe naye awakute. Kundi lililokosekana dukani kwa muda wa kizazi kimoja halikukosa mauzo ya kizazi hicho tu, lilikosa wapokezi. Katika mbio za kupokezana kijiti, mkimbiaji mmoja akiketi chini, walio mbele yake hawana la kukimbia nalo hata wawe hodari namna gani. Sisemi haya kwa kumlaumu mwenye mali. Mtu ana haki ya kuzungushia shamba lake ua. Nasema tu kwamba sisi tuliopita nje ya ua tulihukumu kwamba ndani hamna mazao.

Sasa mtazame mtu mwingine ambaye kesi yake ni kinyume cha hii. Katika jimbo la California nchini Marekani lilikuwapo kundi la vijana wanne walioitwa Creedence Clearwater Revival. Mtunzi na mwimbaji wao, John Fogerty, alikuwa na kipawa cha kutunga wimbo mfupi ambao hata mtu akiusikia mara ya kwanza hudhani kwamba aliusikia utotoni. Umri wa kundi lake chini ya jina hilo ulikuwa kama miaka minne tu, tangu 1968 hata 1972. Katika muda huo nyimbo zao tano zilifika nafasi ya pili katika orodha kubwa ya Marekani, na hakuna hata mmoja uliofika nafasi ya kwanza. Kama hukumu ya soko ndiyo hukumu ya wakati, basi hawa ni watu wa pili milele.

Kisha yakaja mambo mabaya zaidi. Fogerty aligombana na kampuni iliyomiliki nyimbo zake, ugomvi mkali wa mahakama na wa miaka mingi, na kwa uchungu akaacha kabisa kuziimba hadharani nyimbo alizozitunga mwenyewe. Hebu fikiri: mtunzi yu hai, ana sauti, ana gitaa, naye amekataa kuufungua mdomo. Lakini mlango wa nyimbo zake haukufungwa, kwa sababu ufunguo haukuwa mkononi mwake. Kampuni ile iliendelea kuuza santuri. Mkusanyo mmoja wa mwaka 1976 ulinunuliwa mwaka baada ya mwaka na watu ambao hawakujua habari ya ugomvi. Watengenezaji wa filamu za vita vya Vietnam walizitumia nyimbo zake kila walipotaka kumrudisha mtazamaji katika miaka ile. Na wimbo wa "Proud Mary", alioutoa mwaka 1969, ulichukuliwa na Ike na Tina Turner mwaka 1971, wakauvunja na kuujenga upya, hata watu wengi, nami nikiwa mmoja wao, wakakua wakiamini kwamba ni wa Tina Turner tangu asili.

Mwaka 1987, katika klabu moja kule Los Angeles, Fogerty alijikuta jukwaani pamoja na Bob Dylan na George Harrison. Imesimuliwa kwamba Dylan alimhimiza auimbe wimbo wake, akimwonya kuwa asipouimba watu wote watadhani ni wa Tina Turner. Akauimba. Haki za nyimbo zile zilimrudia kwa sehemu kubwa mwaka 2023, zaidi ya nusu karne baada ya kuzitunga. Ziweke kesi hizi mbili katika mizani, msomaji. Mmoja alimiliki nyimbo zake na dunia ikazisahau. Mwingine alinyang'anywa nyimbo zake na dunia ikazikumbuka. Sipendi funzo hilo, wala silitoi liwe funzo, maana lingekuwa tetesi nzuri kwa kila mnyang'anyi. Lakini ndivyo ilivyotokea, na mhakiki hana ruhusa ya kulificha jambo kwa sababu halipendi.

Hata hivyo mlango peke yake hautoshi. Leo milango yote iko wazi. Kwa simu ya mkononi, kupitia intaneti, mwanafunzi wangu anaweza kusikiliza karibu kundi lolote lililopata kurekodi, na gharama yake haizidi ya kikombe cha chai. Pamoja na hayo nyimbo nyingi zimelala humo kama vitabu vya maktaba ambavyo karatasi yake ya nyuma haina muhuri hata mmoja. Kwa hiyo sharti kiwepo kitu ndani ya wimbo wenyewe kinachomfanya mtu, akiukuta mlango wazi, aingie na kukaa. Kitu hicho mimi nakiita nafasi. Wimbo unaodumu ni wimbo ulioachiwa nafasi na mtunzi wake, mahali patupu ambapo msikilizaji anaweza kusimama akawa mwimbaji.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa kundi la Queen, lililoanzishwa London mwaka 1970. Mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, akapelekwa Bara Hindi kusoma, akahamia Uingereza pamoja na wazazi wake baada ya mapinduzi ya mwaka 1964. Watu wetu wa pwani hupenda kumdai, nami siwazuii, ingawa muziki wake haukuchota kisima cha taarab. Lakini wimbo ninaoutaka hapa si wake. Ni wa mpiga gitaa, Brian May, mtu mwenye nywele nyingi na elimu nyingi zaidi, ambaye aliacha masomo ya nyota kwa ajili ya gitaa na kuyarudia baadaye hata akapata udaktari wake mwaka 2007.

Mwaka 1977 Queen walipiga muziki katika jumba la Bingley Hall huko Stafford, na onyesho lilipokwisha watu hawakwenda nyumbani. Walisimama wakawaimbia wanamuziki wimbo mmoja wa viwanja vya mpira. May alilala na jambo hilo kichwani. Alijiuliza: watu waliobanana ukumbini, wasioweza hata kugeuka, wanaweza kufanya nini? Wanaweza kukanyaga chini, kupiga makofi, na kuimba. Akawatungia wimbo wa mambo hayo matatu. "We Will Rock You" hauna ngoma. Una miguu na mikono. Wao wenyewe walikanyaga mbao katika chumba cha kurekodia ambacho zamani kilikuwa kanisa, wakarudia na kurudia, wakazipandanisha sauti mpaka watu wachache wakasikika kama umati. Mapigo mawili ya mguu, kofi moja, kisha kimya. Kimya kile ndicho nafasi ninayoisema. Gitaa lenyewe, ambalo ndilo fahari ya mtunzi, halisikiki sawasawa mpaka karibu na mwisho, kama mwenye nyumba anayewahudumia wageni kwanza na yeye kula baadaye. Wimbo wote hauzidi dakika mbili na sekunde chache.

Wahakiki wengi wa magazeti ya muziki ya siku zile hawakuipenda Queen. Waliiona kuwa ni kundi la mbwembwe na kujikweza. Mimi pia naona kwamba baadhi ya albamu zao zina mapambo kupita kiasi, mfano wa bibi arusi aliyevaa vito vya koo nzima. Lakini wahakiki hao walikuwa wakilisikiliza kundi, na watu walikuwa wakijisikiliza wenyewe.

Hapo najua utanipinga kwa "Bohemian Rhapsody". Wimbo ule wa mwaka 1975 una urefu wa karibu dakika sita, hauna kiitikio, unageuka mara kadhaa kama mto wenye maporomoko, na sehemu yake ya katikati imejengwa kwa sauti zilizorundikwa hata hapana binadamu awezaye kuziimba peke yake. Nafasi yake iko wapi? Nilisumbuka sana na swali hili, mpaka nilipotazama jinsi watu wanavyouimba. Hawauimbi peke yao. Wanagawana. Huyu huchukua sauti ya juu, yule ya chini, mwingine hungoja kwa subira mahali pake pafike, na panapofika hukipiga kichwa chake mbele na nyuma kana kwamba amepandwa na pepo. Ndivyo walivyofanya vijana watano ndani ya gari katika filamu ya "Wayne's World" ya mwaka 1992, na kuonekana kwao kuliurudisha wimbo huo katika orodha za Marekani hata ukafika nafasi ya pili, miaka kumi na saba baada ya kutolewa, mwenye sauti akiwa amekwisha kufa mwezi wa Novemba 1991. Tazama kwamba katika filamu ile Queen hawaonekani. Wanaonekana wasikilizaji.

Kwa upande mwingine, kuna muziki unaotuomba tukae kimya na kustaajabu. Emerson, Lake and Palmer walikuwa watu watatu wenye ufundi ambao wachache katika roki waliukaribia. Keith Emerson alikipiga kinanda kama mtu mwenye mikono minne. Katika miaka ya 1970 walijaza viwanja, na mwaka 1977 walizunguka Marekani ya Kaskazini na okestra nzima nyuma yao, mpaka gharama ikawashinda wakairudisha nyumbani. Nimewasikiliza mara nyingi, nami huwaheshimu kila mara. Lakini nikimaliza sijui niondoke na nini. Ni karamu ambayo mgeni huruhusiwa kutazama sahani. Na sikiliza jambo la ajabu: wimbo wao unaopigwa bado redioni kuliko mingine ni "Lucky Man" wa mwaka 1970, wimbo mwepesi wa gitaa ambao Greg Lake aliutunga akiwa mtoto wa miaka kama kumi na miwili. Ufundi wote ule ulikuja baadaye, na mtoto akawashinda.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba wimbo mwepesi ndio wimbo bora. Kazi ngumu ina thamani yake, na baadhi ya mambo makubwa katika sanaa yamekusudiwa watu wachache wenye subira. Ninachokataa ni ile tabia, ambayo nilikuwa nayo mimi mwenyewe, ya kuutazama umri wa wimbo na kuusoma kama alama za mtihani. Wimbo kuishi ni habari ya watu watatu: aliyeutunga, anayeushika ufunguo, na anayeupokea. Tukiona umekufa, sharti tuulize nani kati yao aliyeuacha, kabla hatujasema kwamba ulizaliwa mgonjwa.

Nilikuwa nimefikia hapa katika mawazo yangu nilipojua jambo moja ambalo ami angalilifurahia sana. Kusini mwa London iko timu ya mpira ya Crystal Palace, na mashabiki wake wameuimba "Glad All Over" uwanjani tangu miaka ya 1960. Katika miaka yote ile ambayo duka halikuwa na santuri wala CD ya wimbo huo, wao waliendelea kuuimba kila timu ilipocheza nyumbani, mvua na jua, ushindi na aibu, kwa sababu hapana ufunguo unaofunga midomo ya maelfu ya watu. Baba aliuimba mwana akisikia, na mwana hakuhitaji kununua kitu. Basi wimbo ule ulikuwa na nafasi. Dunia nzima iliponyimwa, waliokuwa wamekwisha kuingia ndani hawakutolewa. Jumba la heshima la muziki wa roki kule Marekani lilimkumbuka Dave Clark na wenzake mwaka 2008. Mike Smith, ambaye sauti yake ndiyo iliyoimba, alifariki dunia siku chache tu kabla ya sherehe.

Mwaka jana nilifundisha uhakiki kwa darasa la wanachuo arobaini wanaojiandaa kuwa walimu. Siku moja niliingia bila kusema neno, nikasimama mbele yao, nikaipiga meza mara mbili kwa ngumi na kupiga kofi moja. Nikarudia. Kabla sijarudia mara ya nne darasa zima lilikuwa likipiga, na mwalimu wa chumba cha pili akachungulia dirishani kuona ni maasi gani. Nilipowauliza wimbo ule ni wa nani, watatu tu ndio waliolitaja jina la Queen. Mmoja alisema kwa hakika kabisa kwamba ni wimbo wa mpira, na hauna mwenyewe.

Kisha nikakifungua kinanda cha santuri cha ami, nilichokuja nacho kimefunikwa kwa leso, nikaiweka ile santuri ndogo. Ilikwaruza kidogo, maana imezeeka. Sikuwaambia jina la kundi. Wimbo ulipofika katika kiitikio, pale ambapo sauti hunyamaza na ngoma hupiga mapigo mawili mazito, nilimwona kijana mmoja wa nyuma akiyapiga mapigo hayo juu ya dawati lake, mara ya kwanza kwa kuchelewa, mara ya pili sawasawa. Mara ya tatu walikuwa wengi. Sindano ilipofika mwisho msichana mmoja wa mstari wa mbele aliinua mkono. Nilidhani atauliza ni akina nani. Akasema, "Mwalimu, tafadhali, irudie."